Koti la Arobaini

Inspekta Nevena alipoingia dukani, Yavor alikuwa ameinamia kompyuta iliyopasuliwa tumbo, bisibisi mdomoni. Aliona kitambulisho cha polisi, akaitoa bisibisi polepole kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Ni Bi Zorka, siyo?"

"Umejuaje?"

"Jana nilikutana naye sokoni. Akanitemea. Mbele ya muuza jibini."

"Alikupata?"

"Kiatu tu."

Duka lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, nyuma ya soko la mji wa Kyustendil. Nevena aliketi juu ya printa mbovu, akafungua jalada. Kituoni walikuwa askari wachache, na kesi yoyote yenye waya ilitupwa mezani kwake kwa sababu ndiye aliyewahi kuizibua mashine ya kudurufu.

"Zorka Mileva, mjane, mtangazaji mstaafu wa stesheni ya reli," alisoma. "Anadai fundi Yavor amefuta barua pepe zote alizoandikiwa na mumewe, marehemu Lyuben, miaka aliyokuwa akijenga madaraja ugenini. Anadai fundi aliweka programu mpya ya barua, na ilipofunguliwa ilikuwa tupu." Akainua macho. "Umefuta?"

"Sijafuta."

"Basi zimekwenda wapi?"

Yavor alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Programu yao ya zamani ilikuwa imefika mwisho. Ilibaki kidogo tu ikatae kupokea barua. Mzee Lyuben akaniita Novemba. Akaniambia, 'Kijana, hamisha kila kitu mimi nikiwa bado naona.' Nikamwambia, mzee, hatuanzi kwa kuhamisha. Tunaanza kwa kunakili."

"Tofauti yake?"

"Ukihamisha kochi likakwama mlangoni, bado unalo kochi. Barua zikikwama njiani, huna za huku wala za kule."

"Endelea."

"Nikaifunga programu kabisa. Ukinakili ikiwa imefunguliwa, faili zinatoka nusunusu. Nikanakili folda yake nzima: barua, anwani, mipangilio. Nikaiweka kwenye flashi. Kisha nikaichomeka kwenye mashine yangu, nione kama inasomeka. Ilisomeka. Nikampa mzee mkononi."

"Mkononi. Wapi?"

"Getini. Alinisindikiza. Tulikubaliana programu mpya tuiweke kwenye kompyuta mpya ambayo binti yake alikuwa amemwahidi. Kabla haijafika akalazwa. Januari tukamzika."

Kwenye rafu kulikuwa na kopo la biskuti lililojaa flashi, kila moja imefungwa uzi wa sufu wa rangi yake. Nevena alilivuta.

"Na hizi?"

"Za wateja. Mama yangu anafuma soksi. Vipande vya uzi nafungia flashi, zisipotee."

"Ya Lyuben ilikuwa na uzi gani?"

"Kijani."

Nevena alichambua kopo kwa ncha ya kalamu. Karibu na kitako akaikuta flashi ya uzi wa kijani. Aliiinua juu. Shingo ya Yavor ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Hiyo ni yangu."

"Ichomeke."

"Inspekta, nakuomba..."

"Ichomeke, Yavor."

Aliichomeka. Akordioni ikalia, ikajikwaa, ikarudia pale pale, ikajikwaa tena. Nyuma yake sauti ya Yavor ilikuwa ikijaribu kuimba.

"Kuna harusi ya dada yangu Agosti," alisema akitazama sakafu.

"Inatosha," alisema Nevena, na akajitahidi asitabasamu. "Una muda mpaka Agosti. Sasa niambie ya mwezi uliopita. Bi Zorka alikuita, ukakuta nini?"

"Kompyuta mpya. Nikaweka toleo jipya la programu, nikaandika anwani na nenosiri. Nikamuuliza, 'Flashi iko wapi?' Akasema, 'Flashi gani?' Nikauliza kompyuta ya zamani. Akasema bintiye Tsveta ameshaipeleka chekechea. Nikafungua kikasha cha barua: hakuna kitu. Hapo ndipo alipoanza kupiga kelele."

"Kwa nini barua zisishuke tu kutoka mtandaoni?"

"Kwa sababu hazikuwepo huko. Mzee aliipanga programu izishushe nyumbani kisha izifute kule. Aliogopa kikasha kitajaa. Wazee wengi walifanya hivyo." Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Zilikuwa kwenye ile kompyuta na kwenye ile flashi. Hakuna mahali pengine duniani."

*

Tsveta, binti pekee wa Lyuben na Zorka, alikuwa mwalimu wa chekechea. Nevena alimkuta wakati watoto wamelala, kwa hiyo mahojiano yote yalifanyika kwa kunong'ona, wawili hao wamekaa kwenye viti vidogo, magoti karibu na kidevu.

"Ile pale," Tsveta alinong'ona, akionyesha kompyuta iliyobandikwa vibandiko vya vipepeo. "Ya baba. Sasa ni ya watoto, ya katuni."

"Nani aliisafisha kabla ya kuileta?"

Tsveta alimfunika vizuri mtoto aliyekuwa amefunikwa vizuri tayari.

"Mimi."

"Ulihamisha nini kwanza?"

"Picha. Nyaraka. Nilikaa nayo Jumapili nzima. Nilipekua kila folda niliyoiona."

"Folda ya barua huioni. Imefichwa."

"Sasa najua." Aliuma mdomo. "Nilidhani barua zinakaa mtandaoni. Za kwangu zinakaa mtandaoni. Nilidhani mama akiandika nenosiri tu, zitarudi zenyewe kama njiwa."

"Ukaifuta yote."

"Mara mbili. Ili watoto wasikute chochote cha watu wazima."

Nevena alishusha pumzi. Mara mbili, kisha katuni juu yake. Mlango huo ulikuwa umefungwa.

"Mama yako anajua?"

Mtoto mmoja alikohoa usingizini, wote wawili wakageuka.

"Tsveta, Yavor anatemewa mate sokoni."

"Unadhani sijui? Mimi ndiye niliyekwenda kununua jibini siku hiyo hiyo. Muuza jibini akanisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka naye." Sauti ilimpasuka, akaibana. "Mama alishapiga kelele kabla sijafungua mdomo. Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku ikawa kesho. Barua ndizo alizobakiwa nazo, Inspekta. Baba hakuwa mtu wa kusema. Ukimpigia simu alisema, 'Haya, haya.' Lakini alikuwa akiandika."

"Yavor anasema alimpa baba yako flashi, kipande kidogo hivi, na uzi wa kijani. Mliikuta hospitali? Kwenye droo?"

"Hapana. Hospitali alikwenda na pajama na miwani. Droo niliisafisha mimi mwenyewe."

"Kitu cha maana alikuwa akikiweka wapi?"

Tsveta alitabasamu kwa mara ya kwanza, akapiga kifua chake upande wa kushoto, mara mbili.

"Hapa. Ndivyo alivyofanya. Tukimwambia, 'Baba, utapoteza tiketi,' anapiga kifua: 'Hapa hakiibiwi.'"

"Upande huo huo? Kushoto?"

"Ndiyo. Moyoni, si ndiyo?"

"Labda," alisema Nevena. Akainuka, magoti yakalia. "Watoto wakichukuliwa, twende wote kwa mama yako."

*

Kwenye geti la Bi Zorka lilikuwa bado limebandikwa tangazo la kifo, karatasi ya fremu nyeusi, kwenye mfuko wa plastiki ili mvua isiiloweshe. Lyuben alikuwa akitazama kutoka kwenye picha kana kwamba ameambiwa acheke akakataa. Nevena hakuitazama sura. Alitazama koti: la ngozi, la kahawia, kola ya manyoya ya kondoo. Upande wa kushoto kifuani lilikuwa limevimba kidogo.

Bi Zorka alifungua mlango. Alikuwa mwanamke mdogo wa kimo, lakini sauti yake ilikuwa bado ile iliyotangaza treni.

"Umemkamata?"

"Bado, mama. Tuingie?"

"Ingieni. Wewe Tsveta, mbona uso umekuwa kama limau?"

Ndani ya korido kulikuwa na ndoano za nguo. Mwavuli, mtandio mweusi wa ibada, kikapu. Ndoano ya mwisho ilikuwa tupu, na ukuta chini yake ulikuwa mweupe zaidi kwa umbo la mabega.

"Mama," alisema Tsveta. Hakuvua hata viatu. "Yavor hakufuta. Ni mimi. Niliisafisha ile kompyuta kabla ya kuipeleka kwa watoto. Sikujua zimo. Nilipojua, nikanyamaza."

Bi Zorka alimtazama bintiye, akamtazama tena, kama mtu anayesoma ubao wa treni ambayo imefutwa.

"Tangu lini unalijua hili?"

"Tangu siku ile."

"Na umelala nalo siku zote hizi? Ndiyo maana umekonda." Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole. "Umekula?"

Tsveta alilia hapo hapo, amesimama, na mama yake akamwegemeza kichwa begani. Nevena aliisogelea ndoano tupu, akawapa mgongo.

Walipotulia aliuliza, "Bi Zorka, koti la picha ya getini liko wapi?"

"Nimelitoa. Siku ya arobaini, baada ya ngano na mvinyo wa kumwombea. Kila nguo yake ilipata mtu. Koti nilimpa Gavril, yule mlinzi wa kivuko cha reli, maana anasimama kwenye baridi."

"Ulipekua mifuko?"

Bi Zorka alijinyoosha.

"Nguo inayotolewa kwa ajili ya roho ya marehemu unaipekuaje? Mama yangu alinifundisha: ukipekua mfuko umetoa nusu, nusu umebakiza. Nilimpa kama lilivyotundikwa."

"Novemba Yavor alimpa mumeo nakala ya barua zote. Getini, nje, kwenye baridi. Lyuben alikuwa amevaa nini?"

Bi Zorka alifungua mdomo. Mkono wake ukapanda wenyewe kifuani, upande wa kushoto, ukabaki hapo.

"Kuna mfuko wa ndani," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya stesheni. "Nilimshonea mimi."

"Nitakwenda kwa Gavril sasa hivi."

"Huendi."

"Mama!" alisema Tsveta.

"Haendi! Nilichompa Lyuben kwa ajili ya njia yake, niende nikakidai? Nimpokonye huko aliko, koti likiwa mgongoni?" Aliketi kwenye kigoda cha viatu. "Zimekwenda. Basi. Zimekwenda naye."

*

Kesho yake asubuhi, Gavril alikuwa amesimama kando ya kizuizi cha reli, ndani ya lile koti, ingawa cheri zilikuwa zimechanua na jua linachoma. Alikuwa mgane wa siku nyingi, mrefu, mwenye masharubu yaliyomzidi uso.

"Inspekta! Umekuja kunikamata kwa kuvaa koti Aprili?"

"Ungekuwa na kosa gani, Mzee Gavril?"

"Maringo." Aliyagusa manyoya ya kola. "Sijawahi kuvaa kitu kizuri hivi. Nikilivua, naogopa litamkumbuka mwenyewe."

"Ulikuta kitu mfukoni?"

Masharubu yaliacha kucheka. Alimtazama Nevena kwa muda, kisha akamwonyesha kibanda chake kwa kichwa. Ndani kulikuwa na jiko dogo, simu ya reli, na kwenye kona picha ya Mama wa Mungu yenye taa ya mafuta. Kando ya taa, kwenye msumari, ilining'inia flashi yenye uzi wa kijani.

"Najua flashi ni nini, usinione mshamba," alisema Gavril. "Nina wajukuu. Lakini ilikuja na koti. Kwenye mfuko ule kifungo hakipo. Nilipovua siku ya kwanza ikaanguka. Nikasema, hiki kimekuja kwa ajili ya roho, kikae penye taa."

"Umeifungua?"

"Ya marehemu?" Alishangaa kwa dhati. "Mimi si mtu wa hivyo."

"Humo mna barua zote alizomwandikia Bi Zorka. Nakala nyingine zote zimefutwa."

Gavril alivua kofia. Alinyoosha mkono kuelekea msumarini, ukasimama njiani.

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Amekataa. Anasema cha roho hakirudishwi."

"Na ni kweli." Mkono ulishuka. "Nikimrudishia, nitakuwa nimelikataa koti. Nikikaa nayo, nimekaa na mke wa mtu... yaani na barua za mke wa mtu. Ala! Inspekta, umeniletea nini asubuhi hii?"

"Pasaka juzi ulikwenda kanisani?"

"Nilikwenda."

"Moto ulipotoka madhabahuni, uliwashia mshumaa wako kwa nani?"

"Kwa huyo huyo Zorka. Alisimama mbele yangu."

"Wake ulipungua?"

Gavril alikunja uso. "Moto haupungui kwa kuwashiwa mwenzake."

"Basi na hii ni hivyo. Hatuichukui. Tunaichomeka, tunawasha nyingine, unaondoka nayo. Inabaki yako, na uzi wake."

Mzee aliitazama taa kwa muda mrefu. Kwa mbali treni ya kutoka Radomir ilipiga honi.

"Ngoja niipitishe hii," alisema, akavaa kofia. "Kisha nina mtu wa kunishikia zamu."

*

Yavor alifika kwa Bi Zorka amechana nywele. Bi Zorka, aliyekwisha kuelezwa kwamba flashi itabaki ya Gavril, hakumtazama usoni. Alimwekea sahani ya banitsa ya moto, pai ya jibini, kipande cha kona, chenye ukoko, ambacho Lyuben hakuwahi kumwachia mtu.

"Kula kwanza."

"Bi Zorka, nifanye kwanza ili..."

"Nimesema kula. Kiatu nacho nitakisafisha."

Alikula kwa haraka, akaunguza ulimi. Kisha akajifuta vidole kimoja kimoja, akaketi. Wengine wanne walisimama nyuma yake kama jamaa wa mgonjwa.

"Programu mpya naifunga," alisema, kwa sababu Nevena alikuwa amemwomba aseme kila anachofanya. "Haitakiwi ijue lolote kwa sasa. Mzee Gavril, flashi."

Gavril alitoa kwa mikono miwili. Yavor aliichomeka, akanakili folda nzima, akasubiri mpaka mwisho, akaichomoa na kuirudisha palepale kwenye kiganja cha mzee, ambacho hakikuwa kimefungwa bado.

"Yako imerudi. Kuanzia sasa naigusa nakala tu. Nikiiharibu, tunarudi kwako."

"Usiiharibu," alisema Gavril.

"Kuna toleo la kati. Programu ya mzee ni ya zamani mno. Nikiipa ile mpya kabisa barua zake izimeze kwa mkupuo, inaweza kupaliwa. Kwa hiyo zinapita kwanza hapa, kisha pale." Vidole vyake, vilivyojikwaa kwenye akordioni, hapa havikujikwaa. "Sasa naionyesha programu mpya folda ilipo. Nafungua."

Skrini ikawa nyeupe. Ikabaki nyeupe. Tsveta aliushika mkono wa mama yake.

"Ni tupu," alisema Bi Zorka. "Kama ile siku."

"Inapanga faharasa, mama. Ipe muda. Inasoma."

"Yote?"

"Yote."

Upande wa kushoto wa skrini ikatokea folda moja. Kisha nyingine. Hazikuwa na majina ya watu wala ya miaka. Lyuben alikuwa amezipanga kwa madaraja, kila daraja na barua zake, kuanzia lile dogo la kwanza mpaka lile alilosema lingemzika kabla ya siku zake. Yavor alifungua barua katika kila folda, ya juu, ya kati na ya mwisho, akiangalia kama inasomeka na kama picha zilizoambatishwa zimekuja. Kila aliyoifungua aligeuza uso pembeni, asisome. Lakini moja Bi Zorka aliisoma kabla haijafungwa, kwa sauti, bila kujua anasoma kwa sauti:

"'Zorka, leo supu ya maharage. Wameweka mnanaa kama majani ya ng'ombe. Nguzo ya tatu imesimama. Nikisimama juu yake nauona upande wenu, ila sioni mbali vya kutosha.'"

Gavril alipenga kamasi kwa kishindo.

"Nazima ile amri ya kufuta kule mtandaoni," alisema Yavor kwa upole, akibofya. "Na bado kitu kimoja. Nakala moja isikae ndani ya nyumba hii. Nyumba ikipata moto, kompyuta na nakala vinaondoka pamoja. Ikae kwa mtu. Kwa jirani, au..."

Wote walimgeukia Gavril. Gavril alijitazama.

"Mimi?"

"Vua koti," alisema Bi Zorka.

"Unalichukua?"

"Vua, mwanaume wewe, usinibishie kwenye nyumba yangu."

Alilivua polepole. Bi Zorka alilipokea, akaligeuza ndani nje, na kwa dakika moja alibaki amelikumbatia tu mapajani. Kisha akatoa sindano kwenye kopo, akatafuta kifungo, akajaribu cheusi, akakirudisha, akachukua cha kahawia. Alishona bila miwani, uzi ukipita na kurudi, wenzake wakimngoja. Alipomaliza aliung'ata uzi kwa meno.

"Flashi."

Gavril alimpa. Akaiweka mwenyewe mfukoni, akafunga kifungo, akajinyoosha kumvalisha yule mzee mrefu. Akampiga kifuani upande wa kushoto, mara mbili.

"Hapa hakiibiwi," alisema.

Nevena alitoa jalada mkobani na kulifunga shauri lile kwa mstari mmoja wa kalamu. Bi Zorka alitia sahihi bila kusoma, macho yake yakiwa kwenye skrini. Kisha akavuta kiti, akakisogeza mbele ya kompyuta, akanyoosha sketi.

"Haya, nendeni makwenu," alisema. "Tsveta, chukua banitsa iliyobaki, umpe na huyu fundi. Mlango muurudishe. Huyu bwana amenisubiri vya kutosha."